Innsbruck: Daraja, Fedha na Kaburi Tupu

Mji wa Innsbruck, ambao ni makao makuu ya jimbo la Tirol magharibi mwa Austria, umekaa katika bonde jembamba lililo mita 574 juu ya usawa wa bahari, na jina lake lenyewe linataja kazi yake ya kwanza, kwani maana yake ni daraja la mto Inn. Mto huo huanzia katika bonde la Engadin nchini Uswisi, hupita katikati ya mji, kisha huenda kumwaga maji yake katika mto Danube huko Passau, Ujerumani. Upande wa kaskazini milima ya chokaa iitwayo Nordkette imesimama kama ukuta wenye kimo kinachozidi mita 2,300, ilhali upande wa kusini ardhi hupanda taratibu hadi kwenye kipito cha Brenner, yaani mahali ambapo safu kuu ya milima ya Alpi huinama kidogo na kumruhusu msafiri kuvuka. Brenner ina kimo cha mita 1,370 hivi, nayo ndiyo ya chini kuliko vipito vyote vikubwa vya safu hiyo, kwa hiyo tangu kale mtu aliyetaka kutoka Ujerumani kwenda Italia akiwa na mzigo wa maana hakupata njia nyepesi kuliko hiyo. Mgeni asiyelijua jambo hilo moja la jiografia huyaona majumba ya Innsbruck kuwa mapambo tu. Anayelijua huweza kuyasoma kama daftari la hesabu, lenye mapato upande mmoja na madeni upande wa pili.

Warumi walikuwa wa kwanza kuithamini njia hiyo kwa maandishi na kwa mawe. Waliweka kituo cha kijeshi kilichoitwa Veldidena mahali ambapo leo ni mtaa wa Wilten, kusini mwa mji wa kale, na karne nyingi baada ya dola lao kuanguka ardhi hiyo ikawa mali ya monasteri ya watawa wa shirika la Premontré. Soko la kwanza la Innsbruck lilikuwa ng'ambo ya kaskazini, mahali finyu palipobanwa kati ya mto na mlima. Mwaka 1180 makabaila wa Andechs, waliokuwa watawala wa bonde, walifanya mapatano na watawa wa Wilten wakapewa ardhi ya ukingo wa kusini kwa kubadilishana, soko likahamishiwa huko, na daraja likawa mali yenye kuzaa kila siku. Hati ya mwaka 1239 iliuthibitishia mji haki zake, mojawapo ikiwa haki ya ghala, ambayo iliwalazimu wasafirishaji kupakua bidhaa zao mjini na kuzihifadhi hapo kabla ya kuendelea na safari. Kwa maneno mengine, mizigo ya watu wengine ndiyo iliyoulisha mji kabla mji haujawa na kitu chake wenyewe cha kuuza.

Ukoo wa Andechs ulikatika mwaka 1248, nchi ikaangukia mikononi mwa makabaila wa Tirol, na mwaka 1363 Margarete, wa mwisho katika watawala hao, akaikabidhi kwa ukoo wa Habsburg. Mwaka 1420 Friedrich wa Nne wa ukoo huo alihamisha makao yake kutoka Meran, mji ulio kusini mwa Brenner, akaja Innsbruck. Wapinzani wake walimbandika jina la dhihaka, wakamwita mwenye mifuko mitupu; lakini alipofariki mwaka 1439 aliacha hazina iliyojaa. Mwanawe Sigmund alipewa jina la tajiri wa sarafu, na ndiye aliyefilisika. Majina ya utani ya wakubwa yana desturi ya kwenda kinyume na ukweli, na katika Tirol yamekwenda kinyume kwa vizazi viwili mfululizo.

Ili kuelewa jinsi mtu anavyoweza kuwa tajiri wa sarafu na mdaiwa kwa wakati mmoja, inafaa kutoka mjini na kufuata mto kuelekea mashariki. Katika mji wa Schwaz, usiofika kilomita 30 kutoka Innsbruck, mlima ulikuwa na mawe yaliyochanganyika shaba na fedha, na kufikia mwaka 1500 mji huo wa wachimbaji ulikuwa miongoni mwa vituo vikubwa kabisa vya madini barani Ulaya. Kadiri mashimo yalivyozidi kwenda chini ndivyo maji yalivyozidi kujaa, na kwa miaka mingi njia pekee ya kuyatoa ilikuwa kupanga mamia ya watu mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo za ngozi gizani mchana na usiku, hadi miaka ya 1550 ilipofungwa mashine ya kuvuta maji iliyoendeshwa na gurudumu la maji. Leo wageni huingizwa mgodini kwa kigari-moshi kidogo, wakiwa wamevaa makoti na kofia ngumu, na hufika mahali pale pale ambapo watu hao walisimama. Kanisa la mji huo linasimulia jambo lile lile kwa namna nyingine: limejengwa kwa safu nne za nafasi badala ya tatu za kawaida, nusu ikiwa ya raia wa mji na nusu ya wachimbaji, na kwa muda mrefu nusu hizo zilitenganishwa kwa kiambaza cha mbao, na paa lake kubwa limeezekwa kwa vigae vya shaba.

Fedha ya Schwaz, hata hivyo, haikubaki Tirol. Sigmund alipenda majengo, uwindaji na vita, naye alikopa kwa familia ya Fugger, wafanyabiashara wa Augsburg, akiwalipa kwa fedha ya migodi ambayo haijachimbwa bado, tena kwa bei iliyopangwa mapema na yenye kuwafaa wao. Mkopeshaji wa namna hiyo hana haja ya kumiliki mgodi. Inamtosha kummiliki mwenye mgodi. Baadaye, mwaka 1519, Jakob Fugger ndiye aliyetoa sehemu kubwa ya fedha zilizotumika kuwashawishi wapiga kura wa Ujerumani wamchague Karl wa Tano kuwa Kaisari, na fedha ya mlima wa Schwaz ilikuwa moja ya misingi ya uwezo huo.

Kati ya Schwaz na Innsbruck upo mji wa Hall, na mgeni mwenye siku moja tu ya kutembelea viunga angefanya vyema kuitumia hapo. Utajiri wake wa kwanza ulikuwa chumvi. Katika milima iliyo kaskazini ya mji wachimbaji waliingiza maji matamu ndani ya vyumba vilivyochongwa katika mwamba wenye chumvi, wakayaacha yaiyeyushe, kisha maji hayo mazito ya chumvi yakateremshwa kwa mabomba ya mbao hadi mjini, ambako yalichemshwa katika masufuria makubwa ya chuma mpaka chumvi ikabaki peke yake. Kuni zilielea kwenye mto Inn kutoka mabonde ya juu na kunaswa Hall kwa uzio wa miti uliokatiza mto. Kazi hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka 600, hadi miaka ya 1960. Hata chuo kikuu cha Innsbruck, kilichoanzishwa mwaka 1669 na Kaisari Leopold wa Kwanza, kiligharimiwa kwa ushuru wa ziada juu ya chumvi ya Hall, kwa hiyo kila mpishi wa Tirol aliyetia chumvi chunguni alichangia kidogo elimu ya falsafa na sheria.

Mwaka 1477 Sigmund alihamishia Hall kiwanda cha kuchapa sarafu kutoka Meran, ili kiwe karibu na migodi, na mwaka 1486 kiwanda hicho kilitoa sarafu ya fedha yenye uzito wa gramu 32 hivi, ambayo thamani yake ililingana na sarafu moja ya dhahabu iliyoitwa gulden. Hadi wakati huo sarafu za fedha zilikuwa ndogo na nyepesi, na malipo makubwa yalihitaji dhahabu. Sasa nchi isiyo na dhahabu ilipata chombo chake cha kulipia. Wengine waliiga, na walioiga kwa wingi zaidi ni watu wa Joachimsthal katika Bohemia, ambao sarafu yao iliitwa thaler kwa kufupisha jina la bonde lao. Kutokana na neno hilo likatokea neno dola. Kizazi cha mbali cha sarafu hiyo kilifika hata pwani ya Afrika Mashariki. Thaler ya Maria Theresia, malkia wa ukoo wa Habsburg, iliendelea kuchapwa baada ya kifo chake ikiwa na mwaka ule ule wa 1780, na katika karne ya 19 ilitumika kutoka Ethiopia na Bahari ya Shamu hadi Omani na Zanzibar, ambako sarafu za namna hiyo ziliitwa reale, neno lenye asili ya Rasi ya Iberia. Mfanyabiashara wa karafuu aliyeigonga juu ya meza ili kusikia mlio wake hakuwa na sababu ya kufikiria mabonde ya Alpi, lakini mpango wa kuweka thamani kubwa katika kipande kimoja kikubwa cha fedha ulianzia huko.

Mwaka 1490 Sigmund alilazimika kuiachia Tirol kwa jamaa yake Maximilian, ambaye baadaye alikuwa Kaisari wa Dola Takatifu la Kiroma, nao ndio wakati ambao Innsbruck ilipata sura inayovuta wageni hadi sasa. Alama ya mji, iitwayo Paa la Dhahabu, ni roshani ya kifahari iliyobandikwa mbele ya jumba la mtawala na kukamilika mwaka 1500. Juu yake kuna vigae 2,657 vya shaba vilivyopakwa dhahabu kwa moto, na mtazamaji akisogea chini yake jioni, jua likiwa limeinama juu ya bonde, huona kwamba vigae hivyo havilingani rangi: vingine vimekolea kama asali, vingine vimepauka. Chini ya paa kuna michongo ya mawe. Katika mmoja Maximilian amesimama pamoja na wake zake wawili, Maria wa Burgundy aliyekuwa amekwisha kufa na Bianca Maria Sforza aliyekuwa hai. Katika mwingine yuko kati ya mshauri wake mkuu na mchekeshaji wake, jambo linaloonyesha kwamba hakukosa ucheshi. Pembeni wachezaji wa ngoma ya moriska, ambayo Ulaya iliihusisha na Wamoro, wamepindapinda viungo kana kwamba hawana mifupa.

Bianca Maria alitoka katika ukoo wa watawala wa Milano, nao walimlipa Maximilian dukati 400,000 ili ndoa hiyo ifanyike. Msomaji wa pwani, aliyezoea mahari kutoka upande wa mume, atageuza hesabu hiyo kichwani mwake: huko bibi harusi ndiye aliyekuja na mali, na mali hiyo ilimezwa haraka na madeni ya bwana harusi. Ilitokea zaidi ya mara moja kwamba Kaisari alipoondoka katika mji fulani bila kulipa gharama zake, mke wake na watumishi wake walibaki nyuma kama rehani mpaka malipo yapatikane. Bianca Maria alifariki Innsbruck siku ya mwisho ya mwaka 1510 na kuzikwa katika monasteri ya Stams, magharibi mwa mji. Paa lililojengwa kuadhimisha enzi hiyo ya harusi halisemi lolote juu ya mambo hayo.

Mwishoni mwa mwaka 1518 Maximilian alirudi Innsbruck akiwa mgonjwa, na wenye nyumba za wageni, waliokuwa wamechoshwa na madeni ya zamani, walikataa kuwapokea watu na farasi wa msafara wake. Mji uliojengwa kwa kuwapokea wapitaji ulimfungia mlango Kaisari wake mwenyewe. Aliendelea na safari, akafariki Wels mwezi Januari mwaka 1519, na mwili wake ukazikwa Wiener Neustadt, mbali na Tirol. Kaburi alilojiandalia ndilo lililokuja Innsbruck. Mjukuu wake, Ferdinand wa Kwanza, alijenga Kanisa la Kasri, liitwalo Hofkirche, kati ya mwaka 1553 na 1563 kwa ajili ya kulihifadhi kaburi hilo, ambalo halina maiti ndani. Juu yake Kaisari wa shaba nyeusi amepiga magoti akielekea altare, kuzunguka kando kuna michongo 24 ya marumaru inayosimulia vita na ndoa zake, na pande zote mbili zimesimama sanamu 28 za shaba nyeusi, kubwa kuliko kimo cha mtu, za wazee wa ukoo na mashujaa aliopenda kuwahesabu kuwa ndugu zake.

Wenyeji huziita sanamu hizo watu weusi, kwa neno la lahaja linalomaanisha wanaume, ingawa 8 kati yao ni wanawake. Mpango wa awali ulikuwa sanamu 40. Fedha na uhai wa mwenye mpango havikutosha. Mfalme Arthur wa hadithi za Uingereza, aliyesubiwa na Peter Vischer wa Nürnberg kwa mchoro wa Albrecht Dürer, amesimama kwa utulivu wa kijana asiyejua kwamba amevaa chuma. Wengine ni wazito, wenye mavazi yaliyotiwa nakshi hadi kwenye mshono, na mikono yao imekunjwa kana kwamba iliwahi kushika kitu, kwa kuwa ilikusudiwa kushika mienge wakati wa maombi ya marehemu. Shaba imefifia na kuwa nyeusi karibu kila mahali, isipokuwa sehemu ambazo vidole vya wageni wa vizazi vingi vimezisugua zikang'aa. Kanisa zima limekuwa msiba wa kudumu wa mtu ambaye hakufika kuzikwa.

Mji huohuo ulishuhudia misiba isiyojengewa sanamu. Tarehe 25 Februari 1536 Jakob Hutter, kiongozi wa Waanabaptisti, yaani Wakristo waliokataa ubatizo wa watoto wachanga na kukataa kubeba silaha, alichomwa moto hadharani mjini. Wafuasi wake, walioshika desturi ya kumiliki mali kwa pamoja, walifukuzwa nchi hata nchi kwa karne tatu na zaidi, na jamii zao zinaishi leo hasa katika mashamba ya Kanada na Marekani, zikiwa bado zinaitwa kwa jina lake.

Katika nusu ya pili ya karne hiyo mtawala wa Tirol alikuwa Ferdinand wa Pili, mwana wa yule aliyejenga kanisa. Mwaka 1557 alimwoa kwa siri Philippine Welser, binti wa wafanyabiashara wa Augsburg asiye na damu ya kifalme, akampa kasri ya Ambras kwenye kilima kusini-mashariki mwa mji. Watoto wao hawakuruhusiwa kurithi enzi. Ferdinand alikusanya Ambras mavazi ya vita, picha, matumbawe, saa na vitu vya ajabu, akaviweka katika majengo yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na ndiyo maana kasri hiyo huhesabiwa miongoni mwa makumbusho ya mwanzo kabisa duniani. Lakini chumba kinachokumbukwa zaidi ni bafu la Philippine, shimo la bati lililozama sakafuni kiasi cha mtu mzima kusimama ndani maji yakamfika mabegani. Katika nyumba iliyojaa chuma cha vita, bafu hilo ndilo mahali ambapo mtu halisi anaonekana kuwa aliishi.

Maria Theresia, yule wa sarafu, aliijenga upya kasri ya mji na kuiacha Innsbruck na kumbukumbu yenye nyuso mbili. Mwaka 1765 mwanawe Leopold alifunga ndoa hapo na binti wa mfalme wa Hispania, na katikati ya sherehe, tarehe 18 Agosti, baba wa bwana harusi, Kaisari Franz Stephan, akafa ghafla. Lango la ushindi lililojengwa kwa ajili ya harusi likapambwa kwa furaha upande wa kusini na kwa maombolezo upande wa kaskazini, kwa hiyo anayeingia mjini kutoka Brenner hupokewa na harusi, na anayeondoka huagwa na kilio.

Juu ya Wilten kuna kilima cha Bergisel, kinachotawala mwanzo wa njia ya Brenner, na kwa sababu hiyo kila aliyeitaka Tirol alikitaka. Mwaka 1809, Tirol ikiwa imewekwa chini ya Bavaria iliyoshirikiana na Napoleon, wakulima wakiongozwa na Andreas Hofer, mwenye nyumba ya wageni kutoka bonde la Passeier, walipigana hapo mara nne. Walishinda mara kadhaa, na Hofer akatawala kwa muda mfupi kutoka katika kasri ya Innsbruck. Tarehe 1 Novemba walishindwa, akasalitiwa, na tarehe 20 Februari 1810 akapigwa risasi Mantova. Mabaki yake yaliletwa Hofkirche mwaka 1823, hivyo kanisa lililokosa maiti ya Kaisari likapata ya mwenye nyumba ya wageni.

Reli ilifika Innsbruck mwaka 1858 na kuvuka Brenner mwaka 1867, na pamoja nayo wakaja watu waliotaka milima yenyewe badala ya kuipita. Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo aliyezaliwa Innsbruck tarehe 6 Oktoba 1849, alikuwa miongoni mwa wakwezi waliothubutu kupanda bila viongozi wa kulipwa; siku alipotimiza miaka 40, tarehe 6 Oktoba 1889, alisimama na Hans Meyer juu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, na moja ya ncha za Mawenzi hubeba jina lake. Tangu mwaka 1928 mtu asiyejua kukwea hupandishwa hadi karibu na kilele cha Nordkette ndani ya vibanda vinavyoning'inia kwenye kamba za chuma, na chini ya saa moja huwa ametoka vichochoroni hadi kwenye mawe matupu. Mji uliandaa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1964, theluji ikakosekana hata wanajeshi wakaibeba kutoka juu, na tena mwaka 1976, baada ya Denver kujitoa. Mnara wa kurukia skii uliopo Bergisel, uliosanifiwa na Zaha Hadid, umeelekea mji moja kwa moja, na mrukaji anapojiachia huona mbele yake, chini, makaburi ya Wilten.

Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 uliikata Tirol vipande viwili, kusini ikapewa Italia na Brenner ikawa mpaka wa nchi, lakini mizigo haikuacha kupita. Daraja la Ulaya, lililofunguliwa mwaka 1963 kusini mwa mji, lina kimo cha mita 190 hivi juu ya bonde, na malori zaidi ya milioni 2 huvuka Brenner kila mwaka. Wakazi wa bonde la Wipp, ambamo njia hiyo hupita, hulalamikia moshi na kelele, serikali ya Tirol imezuia baadhi ya malori kusafiri usiku, na Italia imepeleka mashtaka mbele ya mahakama ya Umoja wa Ulaya. Wakati mabishano yakiendelea, njia mpya ya reli yenye urefu wa kilomita 55 inachimbwa chini ya milima hadi Fortezza, upande wa Italia. Mlango wake wa kaskazini uko katika korongo la mto Sill, chini ya Bergisel, karibu na monasteri ya Wilten na ardhi ambayo Warumi waliiita Veldidena.